Dawa Bila Daftari: Historia Fupi ya Kompyuta Katika Chumba cha Dawa



Tangu kamati ilipotangaza kwamba sehemu ya harambee ya mwaka huu itakwenda kwenye kompyuta za chumba cha dawa katika kituo chetu cha afya, swali moja limekuwa likirudi kwenye vikao vya matawi, mjini na kijijini: kompyuta inamtibu nani? Wazee wameuliza kwa haki. Wodi ya wazazi bado inahitaji vitanda, na bati za jengo la wagonjwa wa nje zimechoka. Mtu anayetoa fedha aliyoitafuta kwa jasho anataka kuona kitu cha kushikika.

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa historia. Hospitali za wenzetu zimekuwa zikitumia kompyuta kuwakinga wagonjwa na makosa ya dawa kwa zaidi ya miaka 50. Zipo zilizofanikiwa. Ipo ambayo vifo viliongezeka baada ya kompyuta kuingia. Na kipo kituo kimoja, hapa hapa Afrika Mashariki, kilichoanza na hali inayofanana sana na yetu. Tuzipitie moja moja, halafu kila mmoja wetu aamue mwenyewe kabla hajajaza fomu ya ahadi iliyo mwisho wa kijitabu hiki.

SAFARI YA KIDONGE

Kidonge hupita mikono minne kabla ya kufika mdomoni. Daktari au tabibu huandika. Mwingine hunakili kile kilichoandikwa, kwenye jalada la wodi au kwenye daftari. Wa dirishani husoma, huhesabu na kufungasha. Wa mwisho, awe muuguzi wodini au mama nyumbani, humpa mgonjwa. Kosa laweza kuingia katika mkono wowote.

Chukueni dawa mseto ya malaria, ambayo kila kaya kwetu inaijua. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara anapokunywa. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Wa kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu. Kuanzia kilo 35, vinne. Dozi ni sita, ndani ya siku tatu. Hesabu yenyewe si ngumu. Lakini mpe mtu huyo foleni iliyoanza alfajiri, mzani ulio chumba cha pili, mtoto anayelia na cheti kilichoandikwa mbiombio, halafu umtake asikosee hata mara moja kuanzia Januari hadi Desemba. Watengenezaji wa dawa hiyo walilijua hilo, ndiyo maana pakiti zake zina rangi tofauti kwa kila kundi la uzito. Rangi ile ni taarifa inayosafiri pamoja na dawa, ili anayeitoa asitegemee kumbukumbu peke yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ni mali ya namna hiyo. Mgonjwa aliyewahi kuvimba uso kwa sindano ya penisilini utotoni, kama jambo hilo halikuandikwa mahali panaposomeka leo, kila anapofika kituoni huanza upya kama mgeni. Madaftari tunayo, tena mengi. Shida ni kwamba daftari haliwezi kumwita muuguzi na kumwambia, "Subiri kidogo, huyu dawa hiyo haimfai." Historia ya kompyuta hospitalini ni historia ya watu waliotafuta daftari linaloweza kusema.

INDIANAPOLIS: DAFTARI LINALOKUMBUSHA

Mwaka 1969, katika mji wa Indianapolis, Marekani, ilianzishwa taasisi ya utafiti wa afya kwa fedha za mfanyabiashara aliyeitwa Sam Regenstrief. Utajiri wake aliupata kwa kutengeneza mashine za kuoshea vyombo. Miaka michache baadaye daktari mmoja wa taasisi hiyo, Clement McDonald, alianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Alianza mwaka 1972 na kundi dogo la wagonjwa wa kisukari.

McDonald alitaka kujua jambo moja tu: je, daktari akikumbushwa, hukosea kidogo zaidi? Aliiwekea kompyuta kanuni 390, nyingi zikihusu hali zinazotibiwa kwa dawa au zinazosababishwa na dawa, kama vile shinikizo la damu lililopanda, au ini linaloanza kudhurika kwa sababu ya dawa. Kompyuta ilipitia kumbukumbu za mgonjwa kabla hajaonana na daktari na kutoa mapendekezo. Madaktari tisa walishiriki, kila mmoja kwa zamu: kipindi fulani akikumbushwa, kipindi kingine bila kukumbushwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1976. Walipokumbushwa, madaktari walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio 327 yaliyohitaji hatua. Wasipokumbushwa, walichukua hatua katika asilimia 22 tu ya matukio 385. Kiwango cha mafunzo ya daktari hakikuleta tofauti ya maana. McDonald alihitimisha kwamba mengi ya makosa yale hayakutokana na uvivu wala ujinga. Yalitokana na uwezo mdogo wa binadamu, yeyote yule, kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja.

Jambo hili linatuhusu sana. Kwetu, dawa ikikosewa, neno la kwanza ni "nani kazembea?" Muuguzi hufokewa na kuandikiwa barua, na pengine huhamishwa. Anayekuja baada yake hukuta foleni ile ile, mzani ule ule ulio chumba cha pili, na mwezi mwingine kosa hujirudia. Tangu 1976 kuna ushahidi kwamba kumlaumu mtu peke yake hakumlindi mgonjwa anayefuata.

BOSTON: KARANI ALIYEONA

Katika mji wa Boston, gazeti la Boston Globe lilikuwa na mwandishi wa habari za afya aliyeitwa Betsy Lehman. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 39, alikuwa akitibiwa saratani ya matiti katika taasisi ya Dana-Farber, mojawapo ya hospitali za saratani zenye sifa kubwa duniani. Dozi ya dawa kali iliyokusudiwa igawanywe kwa siku nne ilisomwa kana kwamba ni ya kila siku. Akapewa nzima, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Alifariki tarehe 3 Desemba 1994.

Kosa halikugunduliwa siku ile, wala wiki ile. Liligunduliwa mwezi Februari 1995, tena si na daktari. Makarani waliokuwa wakipitia takwimu za utafiti ndio waliogundua kwamba namba hazilingani. Taarifa ilikuwapo kwenye karatasi muda wote. Ilichokosa ni mtu wa kuisoma kwa wakati. Kifo kile kiliitikisa Marekani, kwa sababu watu walijiuliza: kama mwandishi wa afya, katika hospitali kama ile, anaweza kupatwa na jambo hili, sisi wengine je?

Mwaka huo huo wa 1995 madaktari wa Boston wakiongozwa na David Bates walichapisha uchunguzi wa hospitali mbili za mji huo. Walifuatilia makosa ya dawa yaliyowadhuru wagonjwa na ambayo yangeweza kuzuilika, wakauliza yaliingilia wapi. Asilimia 56 yaliingia daktari alipokuwa anaandika. Asilimia 34 yaliingia dawa ilipokuwa inatolewa kwa mgonjwa. Yaliyosalia yaligawanyika kati ya kunakili na kufungasha. Waliona pia kwamba karibu nusu ya makosa ya uandishi, asilimia 48, yalinaswa na mtu mwingine kabla ya kumfikia mgonjwa. Makosa ya mkono wa mwisho hayakunaswa hata moja. Hilo halishangazi, maana baada ya mkono wa mwisho hakuna mwingine wa kukagua.

Hospitali ya Brigham and Women's, iliyokuwa mojawapo ya zile mbili, ilikuwa imeanza kuwataka madaktari waandike dawa kwenye kompyuta badala ya karatasi. Kompyuta ilitoa orodha ya dozi zinazokubalika, ikaonya kama mgonjwa ana mzio, na kama dawa mbili hazipatani. Mwaka 1998 Bates na wenzake walitoa hesabu: makosa makubwa ya dawa yalipungua kwa asilimia 55, kutoka 10.7 hadi 4.86 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa.

TOPEKA: MUUGUZI NA GARI LA KUKODI

Ulibaki ule mkono wa mwisho, na dawa yake ilitoka kwa muuguzi. Sue Kinnick alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko Topeka, jimbo la Kansas. Mwaka 1992, akirudisha gari la kukodi, alimwona mfanyakazi akielekeza kifaa kidogo cha mkononi kwenye msimbo wa milia uliobandikwa kwenye gari, ile mistari myeusi na myeupe tunayoiona kwenye pakiti za sabuni na maziwa. Mara moja kifaa kikajua ni gari gani na ni la nani. Kinnick akawaza: kama wanaweza kuwa na uhakika huu kwa gari, kwa nini tusiwe nao kwa mgonjwa?

Yeye na wenzake wakatengeneza mfumo wa majaribio hospitalini kwao. Muuguzi anasoma kwa kifaa milia iliyo kwenye mkanda wa mkononi wa mgonjwa, kisha milia iliyo kwenye dawa. Kama si dawa ya mgonjwa huyo, au si dozi yake, au si saa yake, kompyuta inamzuia. Kufikia karibu mwaka 2000 mfumo huo ulikuwa umeenezwa katika hospitali za askari wastaafu Marekani nzima. Hospitali ya Brigham nayo ilipoutumia utaratibu wa namna hii ilipima matokeo, na mwaka 2010 ikaripoti kwamba makosa ya utoaji wa dawa, ukiacha yale ya kuchelewa au kuwahi saa, yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8. Makosa ya kunakili, yaliyokuwa asilimia 6.1, yaliisha kabisa, kwa sababu hakukuwa tena na kunakili.

Hata hivyo, watafiti waliozichunguza hospitali tano zenye vifaa hivyo waliripoti mwaka 2008 kwamba wauguzi walikuwa wamebuni njia 15 za kuukwepa mfumo. Wengine walibandika nakala za milia za wagonjwa mlangoni au kwenye toroli, wakazisoma zote kwa mkupuo bila kumsogelea mgonjwa. Walikuwa na sababu, na watafiti walihesabu sababu 31: mkanda umelowa au umechanika, betri imekufa, mtandao umekatika, dawa imekuja bila milia, mgonjwa amelala usingizi mzito. Anayetaka kujua kwa nini mashine haitumiki akamuulize anayeitumia usiku wa manane.

PITTSBURGH: MASHINE ILIPOUMIZA

Mwezi Oktoba 2002 hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwasha mfumo wa kompyuta wa kuagiza dawa. Hospitali nzima iliingizwa ndani ya siku sita. Baada ya muda madaktari wa hospitali hiyo wakafanya jambo la kishujaa: walizihesabu takwimu zao wenyewe na kuzitangaza. Waliwaangalia watoto waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine wakiwa mahututi. Katika miezi 13 kabla ya mfumo, walifariki watoto 39 kati ya 1,394, sawa na asilimia 2.80. Katika miezi mitano baada ya mfumo, walifariki 36 kati ya 548, sawa na asilimia 6.57.

Programu haikuwa na sumu. Tatizo lilikuwa mwendo wa kazi. Zamani, mtoto akiwa bado njiani kwenye gari la wagonjwa, daktari aliandika maagizo, na dawa ikawa tayari anapofika. Mfumo mpya haukuruhusu kuandika chochote hadi mtoto afike na kusajiliwa. Kuandika agizo moja kulihitaji kubonyeza mara nyingi, na daktari aliyetakiwa awe na mkono kwa mtoto akawa na mkono kwenye kompyuta. Dawa zilizokuwa karibu na kitanda zilihamishiwa chumba kikuu cha dawa. Kwa mtoto mahututi, dakika zile zilikuwa nyingi.

Hospitali ya watoto ya Seattle iliweka mfumo wa kampuni ile ile, na mwaka 2006 ikaripoti kwamba kwao vifo havikuongezeka. Wao walikuwa wameandaa mapema orodha za maagizo yanayotumika mara kwa mara, ili daktari asianze kuandika kutoka mwanzo mtoto akiwa mbele yake. Mfumo ulikuwa ule ule, maandalizi yakawa tofauti.

MOSORIOT: KITUO KAMA CHETU

Msomaji atasema, hizo ni hospitali za Marekani zenye fedha. Basi tuvuke mpaka tu, twende Kenya, kituo cha afya cha kijijini cha Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, karibu na Eldoret.

Chuo Kikuu cha Moi kilichopo Eldoret kilikuwa na ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Indiana, chenye uhusiano wa karibu na ile taasisi ya Regenstrief. Hivyo fedha za yule mtengenezaji wa mashine za vyombo zikawa zimeota tawi Bonde la Ufa. Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, William Tierney wa Indiana, Terry Hannan kutoka Australia na wenzao walifika Mosoriot wakakuta hali tunayoifahamu: mgonjwa mmoja anaandikwa kwenye madaftari mengi, la mapokezi, la maabara, la dawa, na madaftari hayo hayazungumzi.

Walichokifanya kilikuwa cha kawaida kabisa. Waliweka fomu moja ya karatasi mahali pa maandishi yaliyokuwa yakirudiwa kwenye madaftari yote. Mgonjwa anatembea na fomu yake, kila chumba kinajaza sehemu yake, na mwisho karani anaiingiza kwenye kompyuta. Tabibu hakulazimika kugusa kompyuta. Programu ilikuwa ya kawaida ya ofisini. Umeme ulipangiwa akiba, pamoja na betri za nguvu ya jua, ili ukikatika kazi isisimame. Wahudumu wa kituo wenyewe walishirikishwa. Mfumo ulianza Februari 2001, na katika miezi sita zilikuwa zimeingizwa ziara 10,000 za wagonjwa 6,190.

Mwaka huo huo wa 2001 ushirikiano wa Moi na Indiana ulianzisha mpango wa kutibu wagonjwa wa UKIMWI uitwao AMPATH. Dawa za kupunguza makali ya virusi ni za maisha yote. Zinataka kujua mgonjwa anatumia zipi, tangu lini, kipimo cha mwisho kilisemaje, na amekosa kuja mara ngapi. Wagonjwa waliongezeka kwa kasi hadi programu ile ndogo ikaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walifika Eldoret, wakaona mzigo ule, na wakiwa na wenzao wakaanza kutengeneza programu mpya iitwayo OpenMRS. Waliitoa bure, yeyote aitumie na airekebishe. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu nchini Rwanda. Leo mifumo ya kitaifa ya wagonjwa nchini Kenya na Uganda imejengwa juu yake.

Kisha kile alichokiona McDonald mwaka 1976 kikajaribiwa Eldoret. Martin Were, daktari mwenye asili ya Kenya, na wenzake waliifanya kompyuta ichape muhtasari wa mgonjwa kwenye karatasi, wenye kumkumbusha tabibu yaliyosahaulika. Waliangalia kwanza kipimo cha CD4, ambacho wakati huo kilitumika kuamua nani aanze dawa na kuona kama dawa zinafanya kazi. Kliniki iliyopewa vikumbusho iliagiza kipimo hicho kwa asilimia 53 ya waliostahili, na kliniki isiyopewa kwa asilimia 38. Katika kliniki ya watoto wenye virusi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kazi za matibabu zilizokuwa zimechelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68 palipokuwa na vikumbusho, na asilimia 18 pasipokuwa navyo. Yote hayo kwa karatasi moja iliyochapwa na kuwekwa juu ya jalada.

TUTOE KWA AJILI YA NINI?

Turudi kwa swali la wazee. Kompyuta haimtibu mtu. Inachofanya, ikiandaliwa vizuri, ni kumsimamisha muuguzi sekunde mbili kabla ya kosa. Ikiandaliwa vibaya, inamchelewesha mgonjwa aliye mahututi. Na isipoandaliwa kabisa, inalala ndani ya boksi lake stoo, pamoja na vifaa vingine vya msaada ambavyo kila mmoja wetu amewahi kuviona mahali fulani vikiwa vimefunikwa kitambaa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba fedha ya mwaka huu isiishie kwenye kununua. Siku ya kukabidhi kompyuta ni moja: mgeni rasmi atafika, utepe utakatwa, picha zitapigwa. Baada ya hapo kuna miezi 12 ya kumlipa karani, kubadilisha betri, kununua karatasi na wino, na kumrudisha fundi mashine inapogoma. Mosoriot walifanikiwa kwa sababu umeme wa akiba, karani na fomu vilihesabiwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya mfumo. Tukikusanya fedha za mashine tu, basi wazee wana haki kabisa, na ni heri tununue bati.

Tunaiomba kamati izingatie mambo haya.

Kwanza, wahudumu wetu wakae na kamati kabla ya kununua chochote. Wao ndio wanaojua ni wapi dawa hukosewa. Sue Kinnick alikuwa muuguzi, na walioona kosa la Boston walikuwa makarani.

Pili, umeme wa jua na betri vije kabla ya kompyuta.

Tatu, tuanze na mambo machache. Uzito wa kila mtoto, mzio wa kila mgonjwa, na dawa anazotumia sasa. Hayo matatu yakiandikwa kila mara na kusomeka kila mara, tayari tumepiga hatua kubwa. Muhtasari uliochapwa kwenye karatasi unatosha kwa kuanzia.

Nne, chochote tutakachonunua kiendane na mfumo wa serikali wa GoT-HoMIS uliotengenezwa kwa ajili ya hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma. Mganga Mkuu wa Wilaya aulizwe mapema, tusije tukaleta mashine isiyozungumza na wenzake wilayani.

Tano, tusiwashe yote kwa wiki moja. Madaftari yaendelee sambamba mpaka wahudumu wenyewe waseme inatosha, na yabaki karibu kwa siku ambayo umeme utatushinda.

Na kuna moja lisilohitaji harambee. Ukienda kituoni, nenda na vibandiko na maboksi ya dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Jua uzito wa mtoto wako. Kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, iandike jina lake kwenye karatasi uihifadhi pamoja na kitambulisho. Ukipewa dawa dirishani, isome pamoja na anayekupa: moja mara tatu, au tatu mara moja? Usione haya kuuliza mara ya pili. Katika ile mikono minne, kwa wengi wetu mkono wa mwisho ni wa kwetu wenyewe.

Ndugu zetu mlio mbali, mlioondoka nyumbani na kuacha wazazi, wajomba na watoto wa dada zenu wakitibiwa katika kituo hiki, fomu ya ahadi ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mchango wa mara moja. Sehemu ya pili ni ahadi ya kila mwezi kwa mwaka mzima, na kiasi si lazima kiwe kikubwa, maana haba na haba hujaza kibaba. Mkiweza kujaza moja tu, jazeni ya pili.